Soketi Iko Wazi, Arifa Haijafika

Miongozo mingi ya kutuma arifa za papo hapo kutoka seva hadi programu ya kompyuta huishia palepale: fungua WebSocket (muunganisho unaobaki wazi kati ya programu na seva, hapa naiita pia soketi), seva itume, programu ionyeshe, basi. Inaudhi, maana kazi yenyewe haijaanza. Mtumiaji akifunga laptopu saa sita na kuifungua saa nane, arifa za katikati ziko wapi? Zilizotumwa mwanzoni ziliingia kwenye soketi iliyokwisha kufa, na `send` haikurudisha kosa lolote, kwa sababu kazi yake ni kukabidhi baiti kwa mfumo endeshi wa seva. Kumbukumbu za seva zinasema "imetumwa". Mtumiaji hajaona kitu.

Kwa hiyo nashikilia hili: arifa iandikwe kwanza kwenye hifadhidata, ipewe namba ya mfululizo ya mtumiaji husika, na soketi iwe njia ya kuiwahisha tu. Programu ihifadhi kwenye diski namba ya mwisho iliyokwisha kuishughulikia. Ikiunganika upya iseme "nimeishia 418", seva iilete 419 na zinazofuata. Ikija namba ambayo programu inayo tayari, iitupe.

Mpangilio ni muhimu hapa. Programu ikichukua kwanza zilizopita halafu ndiyo ijiandikishe kupokea mpya, arifa iliyozaliwa kati ya hatua hizo mbili imepotea. Ijiandikishe kwanza, zinazoingia iziweke kando, ichukue za nyuma, kisha izipange kwa namba.

Mtego mbaya zaidi umejificha kwenye namba zenyewe. Wengi hutumia namba inayojiongeza ya jedwali wakidhani inatosha. Miamala miwili (muamala ni kundi la maandishi ya hifadhidata linalokamilika lote au kubatilishwa lote) ikienda sambamba, mmoja huchukua 41 na mwingine 42, lakini wa 42 unaweza kukamilika kwanza. Programu inaiona 42, inaandika "nimeishia 42", na 41 inapokamilika baadaye hakuna atakayeiuliza tena. Hitilafu hii haionekani kwenye majaribio ya mtu mmoja. Hujitokeza siku mzigo unapopanda. Weka kihesabu kwenye safu (mstari wa jedwali) ya mtumiaji, ukiongeze ndani ya muamala uleule unaoandika arifa, ili kufuli ya safu ilazimishe wa pili kumsubiri wa kwanza. Na usisukume chochote kwenye soketi kabla muamala haujakamilika. Ukibatilishwa, utakuwa umetangaza jambo ambalo halikutokea.

Mapigo ya moyo, yaani ujumbe mfupi wa kuonyesha kwamba muunganisho uko hai, nayo si hiari. `proxy_read_timeout` ya nginx, ikiwa ndiyo proksi inayosimama mbele ya seva yako, ni sekunde 60 usipoibadilisha: seva ikinyamaza muda huo, muunganisho unakatwa. Keepalive ya TCP kwenye Linux (uchunguzi wa mfumo endeshi kama upande wa pili bado upo) haikuokoi, kwani lazima iwashwe kwa kila soketi, na hata ikiwashwa husubiri sekunde 7200 kabla ya kuchunguza. Seva itume mpigo kila sekunde 25. Programu ikimaliza sekunde 60 bila kusikia chochote, ifunge na kuanza upya. RFC 6455 ya mwaka 2011, kiwango cha WebSocket, ina mapigo yake yenyewe, ping na pong, lakini kwenye Electron (mfumo wa kujenga programu za kompyuta kwa teknolojia ya wavuti), ukitumia WebSocket ya kivinjari, JavaScript haizioni wala haiwezi kuzituma. Tuma mpigo kama ujumbe wa kawaida.

Kuunganika upya: sekunde 1, 2, 4, 8, hadi 60, kila mara ukichanganya na muda wa kubahatisha, la sivyo seva ikiwashwa upya programu zote zitaivamia kwa pamoja. Tokeni, siri inayomtambulisha mtumiaji, isikae kwenye URL. Itaishia kwenye kumbukumbu za proksi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba arifa inayoweza kusubiri nusu dakika haihitaji soketi. Ombi la HTTP kila sekunde 30 lenye "baada ya 418" linatosha. Na kama ujumbe unakwenda upande mmoja tu, Server-Sent Events (seva kutuma ujumbe mfululizo kupitia HTTP) zinakuja na `Last-Event-ID`, alama ya ujumbe wa mwisho uliopokelewa, tayari, mradi uzime ubafa wa nginx (kulimbikiza majibu kabla ya kuyapeleka) kwa kichwa `X-Accel-Buffering: no`.

Unapopima, usiue programu, kwa sababu mfumo endeshi utaifungia soketi na seva itajua mara moja. Tupa paketi kimyakimya kwa iptables (kichujio cha mtandao cha Linux), kanuni ya DROP pande zote mbili, tuma arifa tatu, subiri dakika mbili, kisha ondoa kanuni. Zifike tatu, kila moja mara moja, kwa mpangilio wake.