Miraba minne kwa kaka, jimama kwa dada

Kijana wa kilo 90 akiingia kiwanjani hapa Mombasa, walioketi pembeni humwita miraba minne, na hapo wanamsifu. Dada wa kilo zile zile hapewi jina hilo. Jumamosi moja, kwenye mazoezi ya raga ya wasichana, mzee aliyekuwa kando yangu na karatasi yake ya viazi karai alisema, "Jimama hili litakimbia wapi?" Punde si punde jimama likapokea mpira, likampiga kumbo mlinzi wa kwanza, wa pili akaning'inia kiunoni, wakaburutana hivyo hadi mstarini. Mzee akapiga makofi mpaka ukwaju ukamdondokea kanzuni. Kisha akauliza, "Lakini nani ataoa?"

Swali lake la kwanza, kusema kweli, lina haki ya kuulizwa. La pili ndilo linalonikera.

Uzito michezoni ni hesabu kabla haujawa tusi. Tarehe 24 Machi 2007 Mombasa iliandaa Mbio za Nyika za Dunia kwenye uwanja wa gofu, na joto letu likamtoa mbioni Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo. Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa taji la wanaume, na Lornah Kiplagat, akiiwakilisha Uholanzi, la wanawake. Sisemi Bekele alikuwa mzito, hasha. Nasema mwili unaokimbia ni jiko: ukiwa mkubwa hutoa moto zaidi, na ngozi ya kuupozea haikui kwa kiasi hicho hicho. Kocha wa mbio ndefu anayehesabu kilo si mchawi.

Wala wanaume hawajasalimika. Katika mji huu ambao kukaa tu kunatoa jasho, nimemwona bondia akiruka kamba amevaa jaketi la nailoni juu ya sweta, kikopo cha kutemea mate kando yake, akizifukuza gramu 600 ili atimize uzito wa pambano lake. Marekani, mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo walikufa katika muda wa wiki chache tu wakijikausha namna hiyo. Na Ronaldo wa Brazil alichekwa kitambi chake kwenye Kombe la Dunia la 2006, hata rais wa nchi yake akauliza kama kweli amenenepa.

Lakini tazama Ronaldo alivyojitetea. Alifunga mabao matatu, akafikisha 15 katika Kombe zote alizocheza na kuivunja rekodi ya Gerd Müller wa Ujerumani, na mjadala ukaishia hapo. Kilo za mwanamume hudaiwa matokeo, na matokeo yakipatikana deni limelipwa. Jonah Lomu, mchezaji wa raga wa New Zealand, alikuwa na kilo zinazokaribia 120 kwa urefu wa mita 1.96. Ukizipitisha kwenye kipimo cha BMI, kinacholinganisha uzito na urefu, unapata kama 31, yaani mnene kupindukia. Uingereza walipokanyagwa naye mwaka 1995 hakuna aliyetoa kikokotoo. Aliyetolewa kikokotoo ni Ilona Maher, mchezaji wa raga wa Marekani mwenye kilo 90 hivi, aliyeambiwa mtandaoni kwamba BMI yake lazima ifike 30. Akajibu kwamba haiko mbali na hapo, na kwamba kipimo hicho hakijui msuli ni upi na mafuta ni yapi. Mwaka huo huo, 2024, timu yake ilirudi na shaba kutoka Paris.

Kwingineko masengenyo hayo humsukuma mwanariadha wa kike kwenye wembamba. Mary Cain, mkimbiaji wa Marekani aliyefika fainali ya dunia ya mita 1,500 akiwa na miaka 17, alieleza mwaka 2019 kwamba alipimwa uzito mbele ya wenzake, akakosa hedhi kwa miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano. Huku Pwani mambo yana sura mbili. Binti mwembamba anayekimbia huitwa ng'onda, na mamake huulizwa kama nyumbani hawapiki, maana kwetu kunawiri ni dalili ya kutunzwa. Mnene apungue, mwembamba anenepe, na wote wawili wanapimwa kwa jicho la posa, mchezo ukiwa pembeni.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka mizani itupwe. Ibaki, ila apimwe mtu faraghani, na isiwe peke yake. Tangu 2014 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa imekuwa ikionya juu ya wanamichezo, wanaume wakiwemo, wanaokula pungufu ya wanachotumia. Kwa msichana, hedhi inayokatika ni kengele inayolia mapema kuliko mizani yoyote.

Nilimuuliza kocha mmoja wa wasichana kama huifuatilia hedhi yao. Daftari lake lilikuwa wazi mapajani: jina, umri, kilo, na kilo alikuwa amezisoma kwa sauti asubuhi ile, timu nzima ikisikia. Akacheka kwa haya, akalifunga. "Hayo, ndugu yangu, ni ya mama zao."