Mavi ya ng'ombe yanaua samaki, haya chekeni

Juzi kwenye grupu mtu karusha tena ile meme ya ng'ombe anajisaidia mto Mara, watu wakacheka mpaka basi. Mnakumbuka Machi 2022, maji kule Kirumi yakawa meusi, yananuka, samaki wanaelea, kamati ya waziri ikaja na jibu kwamba ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, Tanzania nzima ikaangua kicheko, maana wengi walishaamini ni sumu ya mgodi wa dhahabu wa North Mara.

Sasa naomba mnitukane vizuri: kinyesi kinaua samaki. Wala hakihitaji sumu. Kikiingia kwenye maji bakteria wanakivamia, na kadiri wanavyokila wanamaliza oksijeni ileile anayoitegemea samaki, maji yakituama na joto likipanda ndo kabisa. Samadi na mbolea za dukani nazo zinanenepesha mwani na gugumaji, vikifa vinaoza, mchezo ni uleule. Ndo maana alfajiri unakuta sato wamepanda juu, midomo wazi, wanahema, wakati kamongo hana habari maana yeye anavuta hewa ya huku juu kwetu. Na kule Kenya watafiti walishaandika 2018, viboko zaidi ya 4,000 wanakunya kwenye mto huohuo, mvua ikisomba madimbwi yao oksijeni inaporomoka na samaki wanakufa. Viboko jamani, nao wana mgodi?

Haya, nakubali kwa shingo upande, watu walikuwa na sababu ya kutoamini. Ya mto Tigithe 2009, maji machafu ya mgodi huohuo yalipovuja mtoni, hayajasahaulika, ukimwambia aliyeyaona kwamba safari hii ni ng'ombe lazima akuone umetumwa.

Ila kinachoniudhi ni kwamba hicho kicheko kimetuokoa wote. Tukishacheka hakuna anayeuliza mbona mifugo inanyweshewa ndani ya mto kabisa, mbona choo kimechimbwa ukingoni, mbona mtu analima vitunguu mpaka maji yanamgusa miguu halafu mvua ya kwanza tu inaondoka na urea aliyokopa hela kuinunua, yeye hasara, samaki msiba. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuhatarisha mto ndani ya mita 60. Sitini! Kwetu ukizihesabu hizo mita kuanzia kwenye maji unapita bustani, zizi, sehemu ya kuoshea bodaboda, halafu bustani nyingine, na hiyo ni ya mwenyekiti wa kijiji.