Nondo za Baba Mkubwa

Kwanza niliweke sawa hili maana mtaani kwetu Makole linazungushwa tofauti: mimi sikumwandikia mzee yule hotuba. Mi nina steshenari, nachapa, natoa kopi, napiga lamination, basi. Hotuba aliandika mwenyewe kwa mkono wake kwa peni ya bluu, na aliyevuruga ni dogo wa field akishirikiana na Excel. Mimi nilikuwa ukumbini nimekaa na soda yangu.

Sasa ngoja niwape mkanda mzima.

Pale ofisini kwangu watu wanasubiri sana. Umeme ukikatika wanasubiri, printa ikitafuna karatasi wanasubiri, na Dodoma hii toka serikali ihamie huku kila unayekutana naye ana bahasha ya kaki mkononi. Ili wasikae kunikodolea macho nikabandika ukutani karatasi ya A4, kushoto maneno ya Kiingereza ya ajabu ajabu, yale hata Mwingereza ukimtamkia anakuomba urudie, kulia maana zake kwa Kiswahili. Haya maneno nayapenda toka sekondari, ni ugonjwa wangu. Juu kabisa kama kichwa cha habari niliweka floccinaucinihilipilification, herufi 29, maana yake kuona kitu hakina thamani yoyote. Yani watu walikaa chini wakachukua maneno manne ya Kilatini, yote yanasema "si kitu", wakayaunga wakapata treni nzima ya kusema si kitu. Wateja wakifika hapo wanacheka, hasira za foleni zinapungua.

Neno ninalolipenda kuliko yote pale ni petrichor. Ni ile harufu ya mvua ya kwanza ikigonga udongo mkavu. Wewe unayekaa Dodoma huhitaji maelezo, unakaa na vumbi toka Mei, halafu Novemba au Disemba siku moja jioni matone yanadondoka na mtaa mzima unatoka nje kunusa. Neno lenyewe lilitungwa mwaka 1964 na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, wakachukua Kigiriki cha jiwe wakaunga na ichor, ile damu ya miungu ya Wagiriki. Babu zetu huku wameinusa miaka na miaka bila kusumbua miungu ya mtu.

Haya. Kipindi hicho nilikuwa na dogo wa chuo yupo field kwangu, mchapakazi kweli, tatizo lake anapenda kuboresha vitu ambavyo havijamuomba. Siku moja ananiambia bro ile karatasi ya ukutani imefifia, nimeichapa upya na nimeipanga kwa alfabeti. Nikamwambia safi sana. Nani anakaa kusoma karatasi aliyoiandika mwenyewe? Kumbe dogo aliselekti safu ya maneno peke yake akabonyeza A mpaka Z. Excel yenyewe ilimuuliza kabisa, kistaarabu, nipange pamoja na safu ya pembeni au niendelee na hii hii, dogo akasema hii hii. Maneno yakajipanga vizuri mno, maana zikabaki zimekaa zilipokuwa. Kila neno likaamka na maana ya mwenzake.

Na hakuna mteja aliyegundua, wangegunduaje?

Sasa mzee. Ni jirani yetu, mstaafu, mtu wa heshima zake, na ndo baba mkubwa wa binti aliyekuwa anafanyiwa send-off. Ukoo ulishampa nafasi ya kuongea. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba wakwe wanatoka Iringa na kati yao kuna shangazi wa bwana harusi alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na mzee hakutaka upande wetu tuonekane tumetoka kuchunga jana. Akaja ofisini kutoa kopi ya kadi ya bima, akakuta foleni, akainua macho ukutani.

"Mwanangu, haya ni Kiingereza kweli?"

"Kweli mzee, tena cha ndani kabisa."

Akavaa miwani. Akasoma mdomo unacheza bila sauti, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Mwisho akasema hebu nitolee na hii kopi. Akalipa, akaikunja ikawa ndogo kama kiberiti, akaiweka mfuko wa shati, akaondoka bila hata kuchukua kopi ya bima.

Ukumbi wa send-off ulikuwa ghorofa ya pili, maeneo ya Area D huko, madirisha makubwa ya alumini yamefunguliwa yote kwa sababu ya joto. Hayo madirisha yashikeni, yatakuja kuhusika. Mimi nilitoa mchango nikapata kadi ya single, nikakaa meza ya nyuma karibu na spika. MC akamwita baba mkubwa, mzee akasimama na suti yake ya kijivu, akachomoa karatasi, akasafisha koo.

"Mbukwenyi!"

Wagogo wote tukaitika. Akaanza na Kiswahili chake safi, akashukuru kamati, akasalimia wakwe, yani hotuba imetulia kabisa, nami najisemea mzee anaupiga mwingi. Halafu akageuka kwa bibi harusi.

"Binti yetu huyu, toka akiwa mdogo, borborygmus yake ilikuwa inajulikana mpaka Mpwapwa."

Ukumbi ukalipuka makofi. Vigelegele. Mimi soda ikanipalia, maana borborygmus ni mngurumo wa tumbo. Ile tumbo ikiwa tupu inaunguruma, ndo hiyo, madaktari wanalitumia mpaka leo. Nikajipa moyo nimesikia vibaya, spika iko karibu. Lakini nikatupa jicho meza kuu nikamwona yule shangazi mwalimu, alikuwa anakula korosho, mkono umesimama katikati ya sahani na mdomo.

Mzee akaona makofi yale, akapata nguvu. "Vijana wengi walikuja, lakini borborygmus ile ilitaka mtu wa kuistahili." Makofi tena. Bibi harusi anatabasamu, masikini, anafuta na chozi.

Hapo ndo ikaniingia kichwani, ile A4, alfabeti, dogo. Nikaanza kupiga hesabu ya yaliyobaki kwenye ile karatasi na jasho likaanza kunitoka kwenye kiuno.

Akahamia kwa mchungaji. Huyu ni wa yale madhehebu ambayo pombe hata ya kupaka kidonda wanaulizana mara mbili. Mzee akasema, "Na mchungaji wetu, sijapata kuona mtu bibulous kama huyu. Hata watoto wakimwona njiani wanamkimbilia kwa sababu ya u-bibulous wake." Bibulous ni mtu anayependa pombe, limetoka kwenye Kilatini cha kunywa. Ila ukilisikia haraka haraka linafanana na Biblia, na mchungaji naye nadhani alilisikia hivyo, maana alifumba macho akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Nikasimama. Nikampungia mzee mkono, nikajichinja shingo kwa kidole, ile ishara ya kata, kata. Mzee akaniona, akafurahi, akaninyooshea karatasi: "Yule pale kijana wetu wa steshenari, haya yote chanzo ni yeye!" Watu wakageuka wakanipigia makofi. Nikakaa.

"Niwaombe radhi mapema kuhusu mjomba wa binti, yule pale kona, leo amekuwa avuncular toka saa nne asubuhi." Alikusudia kusema mjomba amelewa, na kweli alikuwa amelewa. Sasa avuncular maana yake ni mtu mwenye upole na ukarimu wa mjomba, na limetoka kwenye neno la Kilatini la kaka wa mama, yani mjomba huyu huyu tunayemjua sisi. Kwa hiyo katika hotuba nzima hiyo ndo sentensi pekee iliyopatia, ila imepatia kwa kukosea. Mjomba akanyanyua chupa.

Halafu likaja lile zito. Mzee akaweka karatasi chini, hili alilikariri, akawatazama wakwe, sauti ikashuka.

"Ndugu zetu wa Iringa. Sisi ni watu wa nchi kavu. Tunakaa na vumbi miezi yote hiyo tunatazama mawingu. Kwa hiyo nikisema ujio wenu leo kwetu ni defenestration, nadhani mnanielewa. Na ninawaahidi mbele ya mashahidi, kila mtakapotia mguu nyumbani kwetu, mchana au usiku, defenestration haitakosekana!"

Meza ya vijana wa upande wa bwana harusi simu zilishatoka toka kwenye bibulous. Mmoja akasoma kwa sauti, na bahati mbaya DJ alikuwa amekaa kimya: "Defenestration, ni kumtupa mtu nje kupitia dirishani." Akaendelea, maana intaneti ukiiuliza mtoto inakuletea ukoo, kwamba mwaka 1618 kule Prague wakubwa wawili wa serikali na karani wao walitupwa dirishani, kama mita 21, wote watatu wakapona, Wakatoliki wakasema wamedakwa na malaika, Waprotestanti wakasema waliangukia lundo la samadi, na sakata lile ndo likaja kuwasha vita ya miaka 30.

Ukiwa ghorofa ya pili na madirisha yako wazi, habari ya namna hiyo huisikii kama historia. Baba mkwe aliyekuwa kiti cha pembeni alinyanyuka na kiti chake, taratibu, akasogea katikati ya meza. Mwingine akaenda kuchungulia chini. Chini hakuna samadi, kuna parking.

Mzee hana habari. Ndo kwanza anamalizia: "Baba mkwe, nakuona ulivyo callipygian, na kijana wako amerithi kwako, natumaini binti yetu atafaidi. Vyoo viko nyuma, vya kushoto ni uxorious kidogo, tumieni vya kulia. Nisiongee sana, nasikia pulchritude imeshaanza kwa wageni, naomba chakula kije." Pulchritude ni urembo, ingawa ukilitamka ni kama unatema kokwa ya zambarau. Uxorious ni mume anayempenda mkewe kupitiliza, mzee akalipa kazi ya kunuka. Na callipygian, jamani, ni la Kigiriki, ni mwenye makalio mazuri. Mzee alidhani ndo mume mwenye mapenzi kwa mkewe.

Meza ya vijana walikuwa wameshalala juu ya sahani. Wazee wa Iringa wanaangaliana. Mimi nahesabu hatua za kufika mlangoni.

Akasimama yule shangazi. Akachukua maiki, akafuta macho kwanza kwa kitenge, mi nikadhani analia kwa kudhalilishwa ukoo, kumbe ni kicheko. Akasema, "Jamani, Wagogo ni watani zetu toka zamani. Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote, sijawahi kutaniwa kisomi namna hii. Baba mkubwa, tumekubali, mmetushinda." Basi Wahehe wote wakaachia pumzi, kicheko kikashuka meza kwa meza, mzee akadhani amepigiwa saluti, akainama. Yule mama nimuombee maisha marefu.

Tungeishia hapo tungekuwa tumepona. Ila MC akamwita mchungaji aombee chakula. Mchungaji hakuwa na simu mkononi, na lile neno lilikuwa limemkaa vizuri. Akanyoosha mikono. Akaomba kwa ajili ya maharusi, akaomba kwa ajili ya wapishi, akaomba mvua. Halafu akasema, "Na sisi sote tuliopo hapa, Bwana, utujalie tuwe bibulous, tukuze watoto wetu katika njia ya u-bibulous, tangu sasa na hata milele."

Kutoka kona ya nyuma mjomba akajibu "AMINA" ambayo nadhani walisikia Jamatini.

Kesho yake mzee akaja ofisini na kopi yake. Dogo alipomwona akaingia chini ya meza kutafuta waya. Nikamwelezea mzee pole pole, safu hii, safu hii, Excel, nikitegemea fimbo. Akasikiliza, akauliza swali moja tu, kwamba yule shangazi alikuwa anajua? Nikamwambia alikuwa anajua lote. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Basi yule mama ana adabu," akachukua ile kopi ya bima aliyoisahau, akaenda zake.

Harusi yenyewe ikafanyika Iringa, tukajazana kwenye Coaster tukaenda. Huko baba mkwe akapewa maiki ajitambulishe. Sasa huyu bwana kumbe vijana wake walishamtafsiria neno lake nyumbani, na badala ya kukasirika alilikalia na kulipenda, mkewe anasema alikuwa anajitazama kwenye kioo cha kabati. Akasimama, mtu mzima, suti nyeusi, akataja jina lake na la ukoo wake, akasema, "Na kama alivyotangulia kusema mkwe wangu wa Dodoma mbele za watu, mimi ni callipygian." Akageuka. Akakaa hivyo hivyo mgongo kwa ukumbi ili tuthibitishe, na baba mkubwa meza ya mbele akaanza kupiga makofi peke yake, kwa nguvu, mpaka shangazi mwalimu akajifunika kitenge kichwa kizima na MC akawa anamlilia DJ aweke chochote, chochote kile.