Daftari za manahodha zisifungiwe karanga

Mgeni akishuka gatini Lamu na kuuliza historia, anaelekezwa mjini: Ngome, milango ya kuchonga, zidaka, msikiti wa Riyadha. Huwa anaonyeshwa kila kitu isipokuwa bahari aliyoipa mgongo. UNESCO iliuweka Mji wa Kale kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na tangu hapo mtu hawezi kugusa ukuta wa matumbawe bila kuulizwa maswali. Vizuri. Ila kuta hizo hazikujijenga. Fedha iliyochomea chokaa na kulipa mafundi ilipita baharini, na huduma iliyoipitisha, yaani majahazi ya mizigo na abiria baina ya Kismayu, Lamu, Malindi, Mombasa na Unguja, tunaiacha ife na wazee wake.

Najua nitaambiwa Makumbusho ya Lamu yana mifano ya mitepe, yaani vyombo vya kale vilivyoshonwa kwa kamba, na vyombo vingine. Yanayo, na imetengenezwa kwa ustadi. Lakini mfano wa jahazi haukwambii nauli ilikuwa kiasi gani, nani alipika, nani alidhulumiwa fungu lake, wala chombo kilijificha wapi pepo zilipochafuka.

Hayo yameandikwa kwingine. Mzee mmoja wa Mkomani, ambaye namwita ami, alinifungulia daftari la marehemu babake, aliyekuwa nahodha. Limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino umegeuka rangi ya kahawa, na mchwa wamekula pembe moja. Ukurasa mmoja ni safari moja ya Mombasa. Juu imeandikwa shehena: korija kadhaa za boriti (korija ni magogo 20), korija za pau, mazio kidogo, yote magogo ya mikoko, na makuti. Chini yake masurufu: mchele, papa mkavu, tambuu, kuni. Kisha kamba mpya, pamba ya kalafati, yaani ya kuziba nyufa za mbao, na sifa, mafuta ya samaki, ya kupaka ubavuni. Gharama zikishatolewa, fungu la chombo linawekwa kando, na linalobaki wanagawana nahodha na mabaharia, kila jina na chake. Pembeni kuna mstari mmoja wa haraka: wamelala Ngomeni siku tatu, kusi kali, yaani upepo wa kusini. Ami alisoma mstari huo akacheka, akasema hizo siku tatu ndizo zilizomla babake faida yote, kwa sababu watu wanakula hata chombo kikilala.

Kwa ukurasa huo mmoja mwanafunzi wa historia anapata bei ya mchele, ujira wa baharia, hali ya hewa, na bandari ya kujisitiri, Ngomeni, ambayo watalii wa Malindi hawaijui. Nawaambia wanaosema Waswahili hatukuandika: tuliandika, ila tuliandika hesabu, na hesabu hakuna anayeziita fasihi.

Kwa asiyekulia huku, biashara ya magogo ya mikoko ndiyo iliyoibeba bandari hii kwa vizazi. Msitu mkubwa zaidi wa mikoko nchini Kenya uko Lamu. Vyombo vya Arabuni na Ghuba viliteremka na kaskazi, upepo wa kaskazini, vikapakia boriti, vikarudi na kusi kwenda kuezeka nyumba za nchi isiyo na miti. Majahazi yetu yalifanya kazi ya pwani kwa pwani. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi, na kwa mji uliokuwa ukiishi kwa boriti hilo lilikuwa pigo. Vita vya Somalia vikaharibu njia ya kaskazini. Mashine na malori yakamaliza yaliyobaki. Leo bandari mpya imejengwa upande wa bara, na gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Meli za makontena zinatia nanga karibu na maji ambayo manahodha wetu waliyapita bila ramani, na bado hatujaandika waliyapitaje.

Wengine wameandika. Baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa 1873 wa kuzuia biashara ya watumwa baharini, manowari za Kiingereza zilifukuza na kupekua vyombo vya pwani hii, na taarifa zao zimetunzwa Uingereza. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na chombo cha Kuwait hadi pwani yetu msimu wa 1938–39, na picha alizopiga ziko kwenye jumba la makumbusho ya bahari kule Greenwich. Mholanzi Prins alikuja Lamu miaka ya 1950 kuchunguza maisha ya bahari, kitabu chake kikatoka 1965, kwa Kiingereza. Aliyetukamata ana kumbukumbu, aliyetupiga picha anazo, aliyetuhoji anazo. Sisi tuliokuwa ndani ya chombo ndio tunaokwenda kuomba nakala.

Hata fedha za utafiti zina macho ya mbali. Mwaka 2010 wataalamu wa China na Kenya walianza kuchunguza chini ya maji visiwani kwetu, kutafuta mabaki yanayohusiana na safari za Zheng He, amiri wa bahari wa China, za karne ya 15. Sina ugomvi nao, na wakipata nitakwenda kuangalia kama kila mtu. Ila serahangi aliyestaafu, yaani msimamizi wa mabaharia, anakaa barazani hatua chache kutoka ufukweni, kumbukumbu zake zote kichwani, na hahitaji mtu avae vazi la kuzamia ili kumfikia.

Tulishapata somo kwenye mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari. Tulingoja mpaka usibaki hata mmoja. Ulipojengwa tena Unguja mwaka 2003, mafundi walilazimika kutegemea mifano midogo na maandishi ya zamani, ukawekwa Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho, na sehemu ya jumba hilo ikaporomoka Desemba 2020. Kwa hiyo wanaopendekeza tujenge jahazi kubwa la maonyesho nawaomba wangoje. Mbao zitapatikana mwakani. Baharia wa miaka tisini sina hakika.

Vilevile mashindano ya mashua wakati wa tamasha, ambayo nayapenda na huwa nashangilia mpaka sauti inakauka, yanahifadhi ufundi wa tanga peke yake. Mashua ya mashindano haipakii kitu.

Mfano wa kufuata uko hapahapa. Hati za msikiti wa Riyadha zilipigwa picha za kidijitali kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza, na dunia nzima sasa inaweza kuzisoma. Tunaweza kufanya hivyo kwa daftari za bahari, nyumba kwa nyumba, bila daftari lenyewe kuhama nyumbani. Hapo ndipo nitakaposhikilia, kwa sababu watu wa Lamu wamechoka na vitu vinavyoazimwa visirudi.

Na wahojiwe wote, si manahodha na wenye vyombo tu. Mafundi wa Matondoni, Wabajuni waliokata mikoko wakiwa wamezama matopeni hadi magotini, wachukuzi, wanawake waliosuka makuti yaliyopakiwa. Yaulizwe na yasiyopendeza: magendo, watumwa waliosafirishwa humo humo, na koo ambazo mpaka leo hazitaki mada hiyo iguswe. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Si zamani sana kiasi cha kujifanya hatujui. Historia ya shangwe tupu waachieni wenye hoteli.

Wakati tukingoja kaunti na makumbusho wakubaliane nani alipe, simu yako ina kamera. Kama kwenu kuna sanduku lenye daftari hizo, piga picha kila ukurasa, hata wenye madoa, hata jalada. Andika jina la chombo, mwenyewe alikuwa nani, na aliyekwambia ni nani. Mkalishe mzee akusomee huku ukirekodi, maana wengi wetu hatuwezi tena kusoma mwandiko huo. Neno asiloliweza liache lilivyo, usimbahatishie.