Tanuri Limepata Moto, Wageni Wamelala

Nani aliniroga nikajenga tanuri? Hapa Malindi mtu mwenye akili zake akitaka mkate humtuma mtoto dukani. Akitaka pizza huenda kwa Mtaliano, akalipa, akaguna kidogo, akarudi kwake. Mimi nikasema la. Niliwahi kuosha vyombo jikoni kwao, tanuri nimeliona kwa macho yangu. Ni matofali na moto tu.

Hilo "tu" limenila pesa.

Bei ya matofali ya kuchoma nilipotajiwa nilitafuta pa kukaa. Nikajengea mawe ya matumbawe, maana kwetu ndiyo hujenga kila kitu: nyumba, ukuta, choo, mpaka kaburi. Mzee mmoja akipita kwenda msikitini akasimama, akaliangalia, akaniuliza, "Mwanangu, wachoma mkate au wachoma chokaa?" Nikacheka. Kumbe mzee hakuwa akitania. Matumbawe yakipata moto wa kweli huwa chokaa, na hata kuta za magofu ya Gede zilipakwa chokaa ya namna hiyo. Nilikuwa nimejenga chungu kwa kitu ambacho chenyewe ni cha kupikwa.

Nikabomoa, nikakopa, nikanunua matofali. Fundi akayashika kwa saruji, kwani kwake yeye hakuna dawa nyingine duniani. Nikamwambia nimesikia udongo na mchanga ndio huvumilia moto. Akanijibu amejenga ghorofa tatu na hakuna hata moja iliyomwomba udongo. Haya. Kesho yake asubuhi nikawasha moto wa harusi. Tanuri jipya hutaka moto mdogo mdogo, wa kuotea mikono, siku kadhaa, mvuke utoke polepole. Mimi nikalinywesha dozi yote kwa mkupuo. Kwenye saa nne likasema "ta!" na ufa ukashuka kutoka kileleni mpaka mdomoni, umepinda kama Mto Sabaki kwenye ramani.

Ufa nimeuziba. Tuyaache hayo, niwape ya Jumamosi.

Nilialika mashemeji na majirani, nikawaahidi pizza baada ya magharibi. Moto nikawasha saa kumi. Kuni zangu, niseme kweli, zilikuwa za kuokota ufukweni, yale magogo ambayo Sabaki huyatapika baharini ikifurika. Za bure! Nikajiona mjanja. Sasa gogo la Sabaki ukilitia motoni haliwaki, linachemka. Niliinama nikalitazama: ncha inatoa povu, maji yanachuruzika, na lenyewe linalia chwiii kama birika. Moto wote ulikuwa ukikausha mto kwanza, na pizza baadaye.

"Shemeji," akasema mmoja, "hapo umetuwekea chai."

Na moshi, je? Mdomo wa tanuri niliuelekeza kusini, na huu ni mwezi wa saba, kusi linavuma bila haya. Upepo unaingia ndani, unagonga ukuta wa nyuma, unarudi na moshi usoni pangu, kisha unaruka ua kwenda kwa jirani, moja kwa moja kwenye kanzu alizozianika. Jirani huyo nilikuwa nimemwalika. Hakuja.

Saa moja na nusu nikataka kujua nimefika wapi. Sakafu ya tanuri la pizza inatakiwa ipite nyuzi 350, na mimi kipimo sina. Mwenye duka akaniazima kile kibunduki tulichokuwa tukielekezewa kwenye paji la uso mwaka 2020, wakati wa Korona. Nikakielekeza ndani, nikabonyeza. Kikaandika HI. Nikafurahi, angalau mmoja amenisalimu. Nikabonyeza tena. HI. Mwanangu akaja kutazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, hiki ni cha homa! Kikipita 42 hakihesabu tena." Kwa hiyo jambo moja tulikuwa na hakika nalo: tanuri langu lina homa.

Wataliano walirusha setilaiti pale Ngomeni mwaka 1967. Ngomeni hapa hapa juu! Mimi kupasha tofali kumenishinda.

Nikarusha unga kidogo sakafuni. Tanuri likiwa tayari, unga hugeuka kahawia ukiwa unahesabu taratibu. Wangu ulikaa mweupe kama poda ya mtoto. Nikatazama juu. Yule Mtaliano wa zamani hakuwa na kipimo, alikuwa akitazama kuba: masizi yakishika, ngoja, masizi yakiungua matofali yakatakata, tia. Kuba langu lilikuwa jeusi kama sufuria ya msibani.

Halafu nikamwona paka. Amelala kwenye msingi wa tanuri, tumbo juu, anakoroma. Nikagusa pale alipolala: pana joto zuri sana. Ndipo nikakumbuka kwamba chini ya sakafu sikuweka kitu chochote cha kuzuia joto. Tangu saa kumi nilikuwa naipasha moto ardhi ya Kaunti ya Kilifi.

Mke wangu hakusema neno, na hapo ndipo pa kuogopa. Alitoa jiko lake la makaa, akamimina unga wa mchele na tui, akafunika, akapalia makaa juu. Moto chini, moto juu. Muda si muda harufu ya iliki ikatembea uani, na wageni wakahama na viti vyao. Shemeji akanipungia mkono kutoka kule, mashavu yamejaa mkate wa sinia.

Kwa hasira nikaenda kununua kuni za mvinje, kavu, zile ukizigonganisha zinalia, na kikapu cha vifuu. Loo! Kifuu kikishika moto hakiombi ruhusa. Kwenye saa tano kasorobo, juu kabisa ya kuba, likatokea doa jeupe, jembamba kama mwezi mwandamo. Likapanuka. Likashuka kuta zote. Nikarusha unga, ukawa mweusi kabla haujatua.

"Njooni!" nikapiga kelele, nikageuka.

Viti vitupu. Vikombe. Paka. Unga wa pizza umeumuka ukapita beseni, sasa unashuka mezani kutafuta njia ya kwenda kwao. Nikaokoa donge moja, nikalitandaza, nikalitia. Chini mkaa, juu maji. Nikala nimesimama.

Alfajiri nikatoka kulitazama. Matofali yakishajaa joto hayaliachii upesi, na mke wangu, ambaye hakuuliza mtu, alikuwa ameshafagia majivu na kuingiza sufuria yake bila ukuni hata mmoja. Akaitoa mbele yangu. Mkate umepanda, umeiva kahawia pande zote, haujapasuka popote.

Nikanyoosha mkono.

"Ngoja wageni," akaniambia.