Kikokotoo cha figo na swali la nani mbaguzi

Februari 2021, JAMA, jarida la chama cha madaktari wa Marekani, lilitangaza kipindi chake cha sauti kwenye Twitter kwa swali: hakuna daktari mbaguzi wa rangi, sasa ubaguzi wa kimfumo (ule uliomo kwenye taratibu, si moyoni mwa mtu) katika tiba utatoka wapi? Moto ukawaka. Ujumbe ulifutwa, na mhariri mkuu, Howard Bauchner, akaachia kiti mwaka huohuo. Kwangu mimi, swali lile lilistahili kujibiwa kuliko kufutwa, maana jibu lilikuwepo, tena la hesabu.

Tuangalie figo. Kwa kawaida maabara hupima kreatinini, taka ya misuli iliyomo kwenye damu, kisha kikokotoo hukadiria figo zinachuja kwa kiasi gani. Kikokotoo cha 2009 kilichotumika sana Marekani kiliuliza umri, jinsia, na kama mgonjwa ni Mweusi. Ukijibu ndiyo, makadirio yalizidishwa kwa 1.159. Chukua wanaume wawili wa umri mmoja, kreatinini ileile. Mzungu anapata 18, Mweusi anapata karibu 21; namba ikiwa ndogo, figo zimechoka zaidi. Muda wa kusubiri figo ya kupandikizwa huanza kuhesabiwa ukifika 20 kushuka chini. Wa kwanza yuko kwenye foleni. Wa pili anaambiwa arudi tena kupima. Hapo daktari hajamchukia mtu, na pengine ni Mweusi mwenyewe. (Na Mweusi ni nani? Mchaga aliyehamia Minnesota juzi na kitukuu cha watumwa wa Mississippi waliwekwa kisanduku kimoja.)

Waliokitunga hawakubuni tu. Katika takwimu zao, Weusi walikuwa na kreatinini ya juu kwa wastani hata pale figo zilipochuja sawa. Waliokitetea walionya kwamba kikiondolewa, kuna wagonjwa Weusi watakaopunguziwa dozi bila sababu, na wengine watakatazwa kumtolea ndugu yao figo. Hoja hiyo haipuuziki. Ila wastani wa kundi ukishapachikwa kwa mtu mmoja, anayekosewa hana hata wa kumlalamikia. Mwaka 2021 kikaja kikokotoo kisichouliza rangi.

Hapo waya unaounganisha kanuni na madhara unaonekana, unaushika kwa mkono. Kwingine watu huona pengo tu kati ya Weusi na Wazungu, wakakimbilia neno "ubaguzi". Mwaka 2020 utafiti wa Florida ulidai kwamba vichanga Weusi hupona zaidi wakitibiwa na daktari Mweusi. Ukafika hadi Mahakama ya Juu: Jaji Ketanji Brown Jackson aliutaja mwaka 2023 alipopingana na wenzake kuhusu kuzingatia rangi katika udahili wa vyuo. Mwaka uliofuata watafiti George Borjas na Robert VerBruggen walirudia hesabu, safari hii wakizingatia watoto waliozaliwa chini ya kilo moja na nusu. Tofauti ikayeyuka. Njiti, ambao ndio hufariki zaidi, walikuwa wakiangukia mara nyingi kwa madaktari Wazungu.

Wapinzani wa dai hilo walishangilia, na kwa haki. Lakini walishangilia mapema mno, kwa kuwa swali halikufa, lilihama tu kutoka wodini hadi tumboni: mbona njiti wengi hivyo ni wa akina mama Weusi? Watafiti Richard David na James Collins walionyesha mwaka 1997, kwa takwimu za Illinois, kwamba watoto wa Weusi waliozaliwa Afrika walikaribiana kwa uzito na wa Wazungu kuliko na wa Weusi waliozaliwa Marekani. Unaweza kusema wahamiaji ni watu waliochujwa, wenye afya na elimu, na ni kweli. Bado anayetaka kuyasingizia maumbile ya Mwafrika ana kazi.

Januari 2023 hospitali zinazopandikiza figo ziliagizwa zipekue vipimo vya zamani na kuwarudishia Weusi muda waliopunjwa. Zaidi ya wagonjwa 14,000 walirekebishiwa, baadhi kwa miaka. Waliofariki wakiwa bado na 21 hawakuwemo kwenye orodha ya kurekebishiwa.