Ndoo nibebe, chuma nisibebe?

Jana jioni natoka jimu, nimejitanda leso yangu, nikapita barazani kwa wazee hapa Shela ya Malindi nikatoa salamu kama kawaida. Mmoja akaitikia alafu akaniuliza mbele ya wenzake, "Mama, na wewe wapiga vyuma? Wataka kuwa baunsa? Hiyo kazi ya vijana wa kiume." Wakacheka. Nikapita zangu manake ni wakubwa wangu, lakini usiku mzima maneno yalinikaa kooni na leo nayatoa.

Mimi nabeba uzito tangu nina miaka minane. Jerikani la lita 20 ni kilo 20 za maji, na siku zote ambazo maji yalikatika mtaani hakuna mzee aliyeinuka barazani akaniambia weka chini mama, hiyo kazi ya wanaume. Nimebeba mtoto mgongoni na mwengine tumboni huku nateleka sufuria la pilau ya arusi, nikaitwa mke hodari. Sa kile chuma kirefu cha jimu, kitupu kabla hujakitia kitu, ni kilo 20, sawasawa na lile jerikani, tena nakibeba mgongo umenyooka na napumzika nikichoka, hicho ndio chanitoa uanamke?

Kilichonipeleka ni mamangu. Mwaka jana aliteleza chooni, kuteleza kidogo tu, akavunjika nyonga. Daktari akatueleza mwanamke akikoma hedhi mifupa hupungua kwa haraka, na misuli nayo huanza kupungua mapema kuliko tunavyodhani. Nilimuogesha miezi minne. Paja lake lilikuwa laenea kwenye kiganja changu, ngozi imelegea juu ya mfupa, na huyu ni mtu aliyesuka makuti ya kuezeka nyumba tuliyozaliwa. Nina miaka 44. Sitaki binti yangu aje anishike paja vile.

Na hilo la ubaunsa si kweli. Homoni inayojaza misuli mwanamume anayo zaidi ya mara kumi kutushinda. Huu ni mwezi wangu wa saba napiga vyuma na nguo zangu ni zile zile. Shirika la Afya Duniani lasema watu wazima wafanye mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki, wake kwa waume.

La staha, haya, nakubali kidogo. Mama mwenye buibui hawezi kutulia na vijana wanapiga picha kila pembe. Bas sisi tukaomba saa yetu ya jioni, tumepewa siku tatu kwa wiki, tuko sita. Na nyinyi vijana, msimpokonye mtu mzima chuma mkononi kabla hajawaomba msaada.

Mama naye nimemwanzisha. Akaa kitini, asimama bila kushika meza, akaa tena. Jana nilipofika nyumbani na hasira zangu nilimkuta keshamaliza, jasho lamtoka, akaninyanyulia vidole.

"Leo saba, mwanangu. Jana zilikuwa tano."